Kikwembe Juu ya Majani

Tairi la lori lilipasuka nyuma ya soko la Kasongo, na kwa mshindo huo mmoja soko zima likalala chini. Hakuna aliyengoja kujua ni kitu gani. Wauza mihogo waliacha mafungu yao, wauza mitumba walijizika ndani ya nguo zao, na Plamedi, aliyekuwa akipanga vifuko vya maji ya baridi mbele ya duka la mama yake, akajikuta chini ya meza, shavu kwenye sakafu.

Akaona viatu. Vilikuwa viatu vya mwanamume, vyekundu kwa vumbi la barabara, vimesimama mbele ya meza bila haraka. Magoti yakapinda, na uso mwembamba ukachungulia.

“Dada, barafu iko?”

“Ah! Watu wanakufa, na weye uko natafuta barafu?”

“Hakuna mutu anakufa. Ni tairi. Niliona lori inainama upande.”

“Uliona?”

“Kwa macho yangu. Toka tu, dada.”

Plamedi akatoka, akajipangusa blauzi yake ya manjano, akajifunga upya kikwembe chake cha kitenge kiunoni, akijitahidi kuonekana kama mtu aliyeingia chini ya meza kutafuta kitu. Sokoni watu walikuwa wakiinuka mmoja mmoja, wakicheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili, kama wachekavyo watu ambao siku nyingine walikimbia kweli.

Kijana yule aliitwa Ruphin. Kazi yake ilikuwa kupeleka chanjo za watoto kwa pikipiki, kutoka Kasongo hadi Kabambare, na mara nyingine mbele zaidi, hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Friji ya ofisini kwao ilikuwa imezimika tangu alfajiri, na chanjo zilikuwa ndani ya sanduku la buluu lililofungwa nyuma ya pikipiki. Alitaka barafu yote ya dukani. Lakini kabla ya kuichukua alifungua friji, akatia kipimajoto ndani, akasimama akingoja.

“Unatia nini mu frigo yangu?”

“Kipimajoto. Nataka nione kama baridi inatosha.”

“Barafu ni barafu! Huniamini?”

“Weye nakuamini,” alisema Ruphin kwa upole. “Frigo ndiyo siiamini bado. Haijanitazama machoni.”

Plamedi alitaka kukasirika. Alijikuta akicheka, na mikono yake, iliyokuwa ikitetemeka tangu mshindo ule, ikatulia.

Ruphin alirudi baada ya safari. Alikuja kurudisha vifuko vitupu vya barafu, vile ambavyo tangu duka lifunguliwe hakuna mteja aliyewahi kuvirudisha. Mama Victorine, mama yake Plamedi, alimtazama mgeni akivihesabu vitakataka vile mezani, kisha akamtazama binti yake akitabasamu bila sababu, akarudi nyuma ya pazia kukoroga juisi ya tangawizi.

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, na tangu siku ya kwanza hofu iliishi ndani yake kama mtu wa tatu. Barabara ya Kabambare ilikuwa na matope, mito na madaraja ya magogo, lakini si hayo yaliyomtisha Plamedi. Zaidi ya Kabambare, msituni, kulikuwa na watu wenye bunduki, ambao siku nyingine waliomba sigara tu na siku nyingine hawakuomba kitu. Kila Ruphin aliposafiri, Plamedi hakuweza kumeza chakula mpaka simu ilie.

“Uko wapi, roho yangu?”

“Niko juu ya kilima nyuma ya hospitali ya Kabambare. Mi na mbuzi wawili. Sisi wote tunatafuta rezo ya simu.”

“Wacha mchezo! Umekula?”

“Nimekula. Na Hervé amekula yake na nusu ya yangu.”

Na kwa nyuma ilisikika sauti nene ikipiga kelele: “Shemeji! Muambie huyu mutu anapima hata supu na kipimajoto! Nitumie tangawizi!”

Hervé alikuwa mwenzake wa safari, mtu mnene wa vicheko, aliyebeba sindano kwenye pikipiki yake na kutangulia mbele siku zote. Mkewe, Cécilia, alikuwa mwimbaji katika kanisa alilosali Plamedi.

Kanisa ndilo jambo lililowafanya wapendanao hawa wabishane. Plamedi alipewa jina lake kwa kufupisha maneno ya Kifaransa yenye maana ya mpango wa ajabu wa Mungu, na hakuwahi kulionea haya. Kila Jumatano alikuwa kwenye chumba cha maombi. Ruphin naye, aliyekuwa mtumishi wa misa utotoni, alikuwa ameacha kusali.

Siku moja alimwonyesha chupa ya chanjo. Kwenye lebo palikuwa na duara la rangi iliyokolea, na ndani ya duara kamraba keupe.

“Chanjo ikiona joto kupita kiasi, haka kamraba kanakolea mpaka kanafanana na duara. Hapo tunatupa. Sihitaji mutu aniambie iko muzuri. Chupa inasema yenyewe. Kama Mungu angewekea kila neno la pasta kamraba kama haka, ningekuwa mu kanisa kila siku.”

“Ungekaa unachungulia kamraba, neno lenyewe usilisikie,” alisema Plamedi. “Na mimi? Uliniona kamraba wapi kabla ya kunipenda?”

“Nilipima frigo yako kwanza.”

Plamedi alimpiga begani kwa kitambaa cha kufutia meza. Lakini Ruphin hakuwa akicheka tena. Aliizungusha chupa ile vidoleni kwa muda, halafu akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia.

“Nilikuwa na kaka. Héritier. Aliingia msituni na wale vijana wa kulinda kijiji. Waliwanyunyizia maji ya dawa, wakawaambia risasi itageuka maji. Na wakawaambia, mutu akiuliza kama dawa inafanya kazi, dawa inakufa. Kaka yangu alikuwa na imani kunishinda. Hakuuliza. Nilimukuta ku majani, Plamedi. Nguo yake ilikuwa bado na harufu ya ile dawa.”

Plamedi alimshika mkono.

“Mungu si maji ya dawa.”

“Sikusema vile. Sijui Mungu ni nini. Najua tu kuogopa mutu yeyote anayeniambia nisiulize.”

Maumivu yale yaliyofichwa yalimfanya Plamedi ampende zaidi na aogope zaidi. Aliogopa kwamba mtu asiyeomba anasafiri peke yake.

Kiangazi kilipofika, Ruphin alisema wajomba zake wako tayari kuja kugonga mlango, yaani kujitambulisha kwa familia ya msichana. Alimletea kikwembe kipya, cha kijani chenye ndege wa manjano. Plamedi alikivaa hata dukani, na wateja wakamtania kwamba ndege wale wataruka waende Kabambare.

Jumatano iliyofuata, katikati ya maombi, Mama Véronique alinyamaza ghafla. Alikuwa mama mwombezi, mjane mwenye sauti laini, ambaye watu walimheshimu kwa sababu hakupenda makelele. Alimshika Plamedi kiganja. Vidole vyake vilikuwa baridi.

“Binti yangu, naona pikipiki imelala mu barabara. Naona damu. Sioni uso.”

Chumba kizima kikaanza kuomba kwa sauti. Plamedi alimsogelea Mama Véronique sikioni.

“Ni yeye, Mama?”

“Nimekuambia, sioni uso. Lakini wajomba wake wanakuja karibuni. Kabla ya kusema ndiyo, muulize Mungu. Omba alama, kama Gideoni alivyotandaza ngozi ya kondoo kungojea umande. Mungu si mutu wa kunyamaza.”

Plamedi alirudi nyumbani akiwa hajui anakanyaga wapi. Jioni ile Ruphin alikuwa ameshafika Kabambare. Asubuhi angeendelea na Hervé hadi Salamabila, ambako surua ilikuwa imeanza kuua watoto wa wachimbaji. Kabla giza halijaingia, Plamedi alichukua kikwembe cha kijani, akakitandaza juu ya majani nyuma ya nyumba, akapiga magoti.

“Bwana,” alinong’ona, “kama Ruphin si wangu, asubuhi nikute kikwembe kimelowa na majani yamekauka. Kama ni wangu, kibaki kikavu.”

Alijua anajipendelea. Wiki zile hakukuwa na umande, majani yalikuwa yamegeuka nyasi kavu, na nguo iliyoachwa nje ililala kavu na kuamka kavu. Alikuwa amemwekea Mungu mlango wa ndiyo wazi kabisa, na mlango wa hapana ameufunga kwa komeo. Kwa hiyo alilala.

Alfajiri alitoka nje bila viatu. Majani yalimchoma nyayo kwa ukavu. Kikwembe kilikuwa palepale, kimenyooka vizuri, na kilikuwa kimelowa chepechepe.

Alikigusa mara moja, akavuta mkono kama aliyegusa moto. Ndege wale wa manjano walikuwa wamekolea kwa maji. Pembeni huku vumbi, pembeni kule vumbi, katikati maji. Akakimbilia simu.

“Roho yangu!” sauti ya Ruphin ilikuwa na furaha. “Umenipata juu ya kilima. Hervé anafunga mizigo, tunatoka sasa hivi.”

“Usiende.”

“Nini?”

“Ruphin, usiende Salamabila. Na wajomba wako wasije. Mungu amekataa.”

Upepo wa kilimani ulivuma ndani ya simu.

“Mungu amekuambia vile wapi?”

Akamweleza yote, haraka, maneno yakigongana: Mama Véronique, damu, Gideoni, kikwembe. Alipomaliza alikuwa akilia.

“Ulinipima na kikwembe,” alisema Ruphin polepole. “Kile nilikupa mimi.”

“Majani yalikuwa makavu, Ruphin! Kikwembe kilikuwa maji! Weye ndiye unatakaka uthibitisho kila siku. Huu si uthibitisho?”

“Uliuliza mutu wa nyumbani? Pengine mutu alimwaga maji.”

“Mungu haulizwi!”

“Héritier alisema vilevile,” alisema Ruphin, na sauti yake ikakatika. “Maneno yaleyale, Plamedi. Muda huu wote nilifikiri mi ndiye siamini. Lakini mi nilikuamini weye bila kupima kitu. Weye ndiye ulitaka alama.”

Simu ikakatika. Alipopiga tena, mwanamke wa kwenye mashine alimwambia kwa Kifaransa kwamba namba haipatikani. Siku ile yote mwanamke yule alimwambia hivyo hivyo, kwa sauti ileile ya adabu, mpaka Plamedi akamchukia.

Habari iliingia sokoni kesho yake mchana, pamoja na madereva wa pikipiki waliotoka Kabambare. Haikuja kwa kelele. Ilipita meza hadi meza, na kila ilipopita watu walishusha sauti.

“Njia ya Salamabila wamepiga risasi.”

“Wamepiga nani?”

“Mutu wa chanjo. Pikipiki ilikutwa imelala mu barabara. Amekufa palepale.”

Plamedi alikuwa ameshika kikombe cha tangawizi cha mteja. Hakukumbuka kukiachia, alisikia tu kikivunjika. Mama Victorine alimshika kiuno, akamwingiza nyuma ya pazia, akamlaza juu ya magunia.

“Alikuwa amesema,” Plamedi alirudia. “Mungu alisema, mama. Nilimuambia asiende. Kikwembe kilisema.”

“Kikwembe kimesema nini? Unaweweseka, mutoto.”

Hapo Plamedi akamweleza mama yake, kwa mara ya kwanza, juu ya alama aliyoomba. Mama Victorine alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza uso wake ukabadilika.

“Kikwembe gani? Ile ya kijani ya ndege?”

“Ndiyo.”

“Mungu wangu! Ile niliifua mimi!”

Plamedi akainuka.

“Niliamka mapema kuchota maji,” alisema mama yake, akijishika kichwa. “Nikaikuta chini. Nikafikiri mbuzi wa jirani ameivuta ku kamba tena. Nguo ya mwanamuke hailalaki nje, unajua watu wanavyosemaka, mutu mubaya anaichukua anakufunga uzazi. Nikaogopa. Nikaifua haraka na sabuni na chumvi, nikaomba juu yake. Na kwa sababu kamba ilikuwa imejaa, nikaitandaza palepale. Nilifikiri ukiamka utaiona imefuliwa utafurahi!”

Plamedi alicheka. Kicheko kilimtoka kibaya, kama kikohozi, na mama yake akaogopa zaidi kuliko alipokuwa akilia. Kwa maana sasa aliona vizuri kile alichokifanya. Ruphin alikuwa amekufa barabarani akijua kwamba mwanamke aliyempenda amemkataa, na amemkataa kwa jina la Mungu, na Mungu hakuwa amesema neno.

Alijaribu kuomba. Alifungua kinywa, na ndani yake hakukuwa na kitu ila hofu. Alimwogopa Mungu kama unavyomwogopa mtu uliyemsingizia.

Jua lilikuwa likielekea kushuka simu ilipolia. Ilikuwa namba asiyoijua.

“Plamedi.”

Alikaza simu sikioni.

“Plamedi, ni mi. Mnara wa Kabambare ulizimika tangu tulipozungumza. Nimepata simu ya fundi hapa, ile ya satelaiti. Unanisikia?”

“Weye ni nani?” alisema, kwa maana kweli hakuthubutu kuamini.

“Ni mi. Ruphin. Mutu wa barafu.”

Plamedi aliketi sakafuni. Mama Victorine, aliyeisikia sauti, alianza kumshukuru Mungu na kulia kwa pamoja.

“Walisema umekufa. Walisema mutu wa chanjo.”

“Ni Hervé,” alisema Ruphin.

Alieleza vipande vipande. Baada ya simu ile alishuka kilimani, akaketi kando ya pikipiki, na sanduku la chanjo akaliacha wazi. Yeye, ambaye hajawahi kuliacha wazi hata wakati wa kupiga chafya. Alipozinduka, kipimajoto kilikuwa kimepanda na barafu ilikuwa maji. Ilibidi arudi hospitalini kugandisha barafu upya. Hervé alimcheka sana. Alisema atatangulia na sindano, watoto wa Salamabila wasikute hakuna mtu.

“Aliniambia, ‘Mupigie tena shemeji, mapenzi yatakuozesha chanjo.’ Akaenda.”

Halafu Ruphin akaanza kulia, na Plamedi akamsikiliza, mtu yule ambaye hakuwahi kumsikia akilia, hadi simu ya fundi ilipokwisha chaji.

Walimzika Hervé Kasongo. Ruphin alishika jeneza upande wa kichwa. Kwenye kilio wapendanao walisalimiana kwa kushikana mikono kama watu wasiojuana vizuri. Plamedi alimweleza kwa maneno machache nani alikilowesha kikwembe, naye akaitikia kwa kichwa. Hakumlaumu, na hilo lilimuumiza Plamedi kuliko lawama.

Lakini mjini hadithi ilikuwa imeshaota miguu. Binti aliomba alama, Mungu akalowesha kikwembe juu ya majani makavu, binti akapiga simu, kijana akachelewa, kijana akapona. Mama Victorine alijaribu kusema juu ya sabuni yake, wakamjibu kwamba ni nani basi aliyemwamsha mapema. Na Mama Véronique alikuja dukani.

“Jumapili utatoa ushuhuda,” alisema. “Watu wanaogopa barabara, binti. Wanahitaji kusikia kwamba Mungu anaona.”

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Plamedi alivaa gauni jeusi lisilo na pambo. Ruphin alikuwa amekuja, akasimama nyuma karibu na mlango, kama mtu asiye na hakika kama amealikwa. Na kwenye benchi la pili, akiwa amevaa nguo za msiba, mtoto amelala pajani mwake, alikaa Cécilia, mjane wa Hervé.

Jina lake lilipoitwa, Plamedi alienda mbele. Alishika ukingo wa mimbari. Aliona nyuso zikimngoja, zenye njaa ya habari njema, na akaelewa njaa hiyo, kwa maana ilikuwa yake pia. Neno moja tu lilihitajika.

“Mungu asifiwe,” alisema.

“Amina!” kanisa likajibu.

“Ruphin iko muzima. Kila asubuhi nashukuru Mungu, na nitaendelea. Lakini ile kikwembe mama yangu ndiye aliifua.” Minong’ono ikaanza. Aliinua sauti ili asikike. “Sijui kama Mungu ndiye aliamusha mama yangu. Pengine. Mi namuamini Mungu, sikuanza kumuamini sababu ya kikwembe. Lakini Mama Cécilia anakaa pale. Hervé alikuwa anasali kutushinda. Nikisema kikwembe ni uthibitisho Mungu alimupenda Ruphin, nitakuwa nasema nini juu ya Hervé? Sitasimama mbele ya mwanamuke huyu nikasema vile. Munisamehe. Sina ushuhuda.”

Hakuna aliyesema amina. Plamedi hakujua aende wapi. Mahali pake palikuwa mbali na njia ilijaa watu. Kisha akamwona Cécilia akimhamisha mtoto paja lingine na kusogea kidogo, akifungua nafasi kwenye benchi. Akaenda akaketi. Cécilia hakumtazama. Alimshika tu mkono na kuukaza, mpaka ibada ikaisha.

Nje, Mama Véronique alimvuta kando. Plamedi alijiandaa kukemewa.

“Mutoto wangu wa kiume alikufia ku barabara ileile,” alisema mama yule. “Tangu hapo nikifunga macho naona pikipiki imelala. Nilifikiri ni Mungu ananionyesha. Leo sijui. Pengine ni hofu yangu mwenyewe nilikupa, nikaiita neno lake.” Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. “Niombee.”

“Nitakuombea, Mama,” alisema Plamedi.

Ruphin alikuwa akimngoja karibu na pikipiki. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi upande mmoja tu.

“Nani alikupigia pasi?” Plamedi aliuliza, kwa kuwa hakujua aanzie wapi.

“Mi mwenyewe. Makaa yaliisha.”

Walitabasamu, halafu tabasamu zikawaishia.

“Sasa unaamini ama huamini?” Ruphin aliuliza.

“Naamini. Lakini sitamutegea tena Mungu mutego kama panya. Na weye?”

Ruphin aliangalia mikono yake.

“Sijui nani aliniacha hai. Pengine ni hakuna mutu. Ile siku walileta mwili wa Hervé, nilienda nyuma ya hospitali nikataka kusema asante, na sikujua nitamuambia nani. Na nikaona haya, sababu asante ile ilikuwa juu ya kifo cha rafiki yangu. Lakini nilisema. Mu hewa tu.” Akamtazama. “Usicheke.”

“Sicheki, mupenzi.”

“Siwezi kukuahidi nitakuwa mutu wa kanisa.”

“Sikukuomba.”

“Wajomba waje kugonga mlango?”

Plamedi alisikia hofu ikiamka palepale ilipolala, chini ya mbavu. Hakukuwa na maono wala kitambaa cha kumwambia lolote. Alikuwa yeye tu na mtu huyu mwembamba mwenye shati la nusu pasi.

“Waje,” alisema.

Ruphin akafunga macho kidogo. Alipoyafungua alisema, “Jumanne narudi ku njia. Chanjo za Salamabila hazijafika. Nitaenda peke yangu mpaka wapate mutu mwingine.”

Plamedi alijua. Alikuwa amejua tangu kilio. Surua haikungoja matanga yaishe. Hata hivyo alimshika kifua cha shati kwa mikono miwili, na sauti ikamtoka ndogo kama ya mtoto.

“Sema utarudi.”

“Plamedi, unajua ile barabara. Siwezi kusema kitu nisichokijua.”

“Najua huwezi kukijua. Sema tu.”

Watu walikuwa wakipita, wakiwatazama na kujifanya hawatazami. Ruphin aliangalia upande wa barabara ya Kabambare, ambako vumbi la lori lililopita lilikuwa halijatua.

“Nitarudi,” alisema.

Alilisema polepole, kwa ulimi mzito, kama mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza lugha ya ugenini. Plamedi alimwamini. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka bado juu ya kifua cha Ruphin, na hakuiondoa.